Mshenga wa Baba Alikuwa Rais

Jumapili, 2 Februari

Nimeandika upya aya ya nne. Bado haijanyooka. Chai imepoa mezani, Bibi ameichukua na kuimwaga.

Nijikumbushe hali ilivyo. Mimi ni mfanyakazi wa majaribio katika taasisi ya utamaduni huku Al Khuwair, ghorofa ya pili, dawati linalotazama maegesho ya magari. Tuko wawili wa majaribio, mimi na Harith. Nafasi ya kudumu ni moja. Kila mmoja wetu atatoa mhadhara katika Jioni ya Kiswahili, mfululizo uliopewa jina la Familia za Wakuu wa Dunia. Mkurugenzi wetu, Daktari Thuraya, aligawa mada kwa kura, vikaratasi ndani ya bakuli la haluwa. Harith alipata mfalme mwenye kasri, farasi na binti mshairi. Mimi nilipata rais wa Marekani wa karne ya kumi na tisa ambaye hata Wamarekani wenyewe, nimegundua, hawamkumbuki vizuri.

Niliumia. Nilitabasamu. Nilisema ni heshima kubwa.

Lakini rais huyu ana utajiri mmoja: familia. Wake wawili, wa pili baada ya kufariki wa kwanza. Watoto kumi na watano. Hakuna rais mwingine wa nchi ile aliyemfikia. Mhadhara ni Alhamisi ya tarehe ishirini. Nafasi hiyo nitaipata.

Jumatatu, 3 Februari

Mazoezi ya kwanza, sebuleni, baada ya Magharibi. Hadhira: Bibi, mama yake Baba, kwenye kiti chake cha siku zote. Baba kwenye zulia, ameegemea mto, kanzu yake ya nyumbani, miwani kwenye paji la uso. Tangu astaafu wizarani hukaa pale pale. Tangu Mama afariki, miaka mitatu sasa, hukaa pale pale na runinga.

Sikupata kumaliza ukurasa wa kwanza. Bibi alitaka kujua yule mke mkubwa alikuwa wa watu gani. Nikamweleza: wa shamba, wa Virginia, mtulivu, mcha Mungu. Alizaa wanane. Alipigwa na kiharusi, akafia Ikulu, mumewe akiwa madarakani. Bibi alishika shavu kama aliyeletewa taarifa ya jirani. Aliuliza nani alimuuguza, na matanga yalikaaje. La pili nilisema sina chanzo. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyesoma miaka minne na bado hajui mambo ya msingi.

Baba aliuliza swali moja tu: alikaa muda gani kabla ya kuoa tena. Nikasema haikutimia miaka miwili. Baba alitazama saa ya ukutani, ingawa imesimama tangu mwaka jana.

Nilipofika kwenye fidla, kwamba rais alikuwa akiipiga mwenyewe na nyumba yake haikukosa muziki, Baba aliinuka kwenda kunywa maji. Udi wake wa nyuzi uko juu ya kabati, umefunikwa shuka. Zamani Mama alikuwa akimwambia apunguze sauti.

Jumatano, 5 Februari

Ami Khalfan amekuja tena. Ni mdogo wake Baba, ana gereji Wadi Kabir, na si mtu wa kuacha gereji yake saa za kazi. Hii ni mara ya tatu katika muda mfupi. Kila mara huomba kukaa na mimi peke yangu, jambo lisilo la kawaida. Leo alikunywa kahawa, akala tende, akauliza kuhusu matairi ya gari langu. Akafuta jasho, na kiyoyozi kinawaka. Akaanza, "Sasa mwanangu, mimi nnataka kukwambia," kisha akala tende nyingine. Akasema dunia ina mambo. Nikakubali. Akainuka haraka, akaniombea kheri na kutoka.

Kupitia dirishani nilimwona akimpa Baba mkono uani, mkono mrefu wa kupongezana. Baba aliingia ndani uso umemng'aa.

Sijui watu wa rika lao hufurahia nini. Nimerudi kwenye aya ya nne.

Ijumaa, 7 Februari

Baba amekwenda Qurayyat kununua samaki. Ijumaa iliyopita vilevile, na iliyotangulia. Soko la Matrah liko karibu mno na nyumba kuliko safari ile ya kuvuka milima. Alivaa kofia mpya ya kushonwa kwa mkono. Alirudi jioni na nguru mmoja.

Mazoezi ya pili. Nilifika kwenye mke wa pili. Najivunia sehemu hii, niiandike hapa isipotee: "Ikulu ilikuwa imezimika. Mapazia yamefungwa, watoto wamezoea kunong'ona, bwana wa nyumba anakula peke yake. Ndipo akaingia mwanamke huyu, mdogo kwake kwa miaka thelathini, na kicheko chake. Hakuchukua mahali pa aliyetangulia. Aliwasha taa tu."

Baba aliniomba nirudie. Nikarudia. Akavua miwani. Akaja, akanibusu paji la uso, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mahafali yangu.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umesema vizuri sana. Baba kakusikia."

Bibi naye alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nina furaha isiyo na kifani. Kumbe utafiti unaweza kugusa nyoyo. Nitamwambia Daktari Thuraya kwamba nimeujaribu mhadhara kwa hadhira isiyo ya kitaaluma, na matokeo ni ya kutia moyo.

Jumapili, 9 Februari

Daktari Thuraya amesoma rasimu. Alisema ni safi, lakini watu wanakuja kusikia habari za familia na mimi nimewaandalia sensa. Aliweka alama kwenye aya ya mke wa pili tu: hapo, alisema, pana uhai.

Nafula wa mapokezi, Mkenya wa Bungoma, ndiye anayepanga ukumbi na vipaza sauti. Aliisoma pia, bila kuombwa, akiwa amesimama. Kwa maoni yake hii ni mahubiri ya Pasaka, na watu watakuwa na njaa. Alinishauri nipunguze nusu. Nilimshukuru kwa mchango wake wa thamani.

Sikupunguza.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeandika ukurasa mgumu. Shamba la rais liliendeshwa na watu aliowamiliki. Nao walikuwa na wake, waume, watoto. Majina ya wanawe kumi na watano nimeyapata yote. Ya wale wengine, machache mno. Haiwezekani kusema maisha ya familia katika nyumba ile na kunyamaza juu ya hilo.

Nilimsomea Bibi. Ami Khalfan alikuwepo, akasema ni jioni ya furaha, ukurasa huo niuache. Bibi alikuwa akiviringisha uzi kidoleni.

"Ubakishe," alisema hatimaye. "Wa humu ndani tunajua kwa nini. Kwetu pia yako majina yasiyoandikwa."

Umebaki.

Jumatano, 12 Februari

Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitaandika matusi.

Nimerudi kazini nimekuta kapu mezani. Tende, haluwa, kitambaa cha hariri rangi ya zabibu. Limeletwa na dereva kutoka Qurayyat. Ni langu. Nikauliza kutoka kwa nani. Bibi, huku akionja haluwa yangu, alisema ni la Bi Zuwena, ananishukuru kwa moyo wangu mkubwa.

Bi Zuwena yupi? Wa Baba.

Nilikaa.

Bi Zuwena ni mwalimu wa hesabu Qurayyat. Amefiwa na mume, hana mtoto, ana miaka thelathini na minane. Baba ana hamsini na saba. Akidi ya ndoa imepangwa Alhamisi ya tarehe ishirini na saba, ili Ramadhani iwakute pamoja. Bibi alinipa maelezo haya kama mtu anayekumbushia. Alipoona uso wangu alisimamisha kijiko hewani, akauliza kwani Khalfan hakuniambia, na kaja mara tatu.

Sasa naelewa. Nyumbani kwetu mambo ya ndoa hayasemwi ana kwa ana baina ya mzazi na mtoto. Ni utovu wa haya. Hutumwa mtu. Baba alimtuma Ami Khalfan. Ami Khalfan, mtu anayegombana na madereva wa malori kutwa, alinikabili mimi na kikombe cha kahawa, akashindwa. Akala tende zetu zote. Kisha akamwambia Baba nimeambiwa na nimepokea vizuri, nasubiri tu namna ya kujibu kwa adabu.

Na siku mbili baadaye mimi nikasimama sebuleni, mbele ya Bibi, nikaanza: palikuwa na bwana mmoja aliyefiwa na mkewe.

Baba aliingia wakati huo. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Nilidhani unanijibu," alisema. "Kwa yule Rais wako. Nikasema, mtoto kasoma, kajibu kisomi."

Nikamwambia rais nilimtoa kwenye bakuli la haluwa.

Nimekasirika. Naona haya. Sijui lipi limezidi. Nimemwandikia baba yangu ridhaa ya kuoa, kwa lugha sanifu, yenye tanbihi, na nikairudia alipoomba.

Alhamisi, 13 Februari

Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, Asya, aliyeolewa Suhar. Nilitegemea tutalia pamoja. Asya anajua tangu Desemba. Alisema alilia wakati ule, akamaliza, akanunua nguo. Alishangaa mimi nilikuwa wapi. Huko kwao habari iliyofika ni kwamba mimi, Salma, nimefurahi mpaka nimeandika hotuba nzima.

Simu ya Ami Khalfan imezimwa. Gereji wanasema amekwenda kutafuta vipuri. Wapi, hawajui.

Chakula cha mchana nilikula na Nafula. Nilimweleza kila kitu, kwa mpangilio. Nilisisitiza kwamba sipingi ndoa kama taasisi. Alinisikiliza, akatafuna, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Sisi mzee wetu alikuwa na mke mwingine Kitale," alisema. "Tulijulia kwa mazishi. Tunafika kaburini, tunapata watoto sita wanalia kutushinda. Mmoja ana sura yangu. Wewe umeambiwa mzee akiwa hai, umeletewa na haluwa. Unalia nini?"

Nilisema suala ni la kimsingi. Aliomba haluwa ile niilete kesho kutwa kazini ikiwa siitaki. Nikamkumbusha kwamba kesho kutwa ni Jumamosi, siku ya mapumziko. Akasema basi Jumapili.

Jumamosi, 15 Februari

Jana Ijumaa, Baba hakwenda Qurayyat. Tulikula kuku.

Nimeandika mhadhara upya kutoka mwanzo. Mke wa pili sasa yuko anapostahili. Alipenda anasa. Alipokea wageni akiwa ameketi juu ya jukwaa, mabibi wamemzunguka kwa mavazi meupe. Hili lina ushahidi, silizui. Binti mkubwa wa rais alimzidi umri mama wa kambo kwa miaka mitano; nimelitaja mara tatu. Na yule binti mmoja ambaye hakumkubali hadi mwisho wa maisha yake, ambaye rasimu ya kwanza ilimpa mstari mmoja, nimempa kurasa mbili. Ni kurasa nzuri. Zina moto.

Nilikuwa nikizisoma kwa sauti chumbani. Bibi alifungua mlango. Aliuliza yule mke wa watu amefanya nini tangu juzi, maana alipomsikia mara ya mwisho alikuwa mwema.

Nikasema historia hufanyiwa marejeo.

Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisema Baba keshasema: kama mimi sitaki, atapeleka neno Qurayyat, jambo liishe, na hapana atakayenilaumu. Ni juu yangu. Alisema hayo bila kunibembeleza. Ndilo lililonitisha.

"Hatokulaumu kweli," aliongeza. "Namjua mwanangu. Atarudi pale kwenye zulia, basi."

Nilizipanga karatasi zangu. Kuna maamuzi ya kifamilia ambayo hayapaswi kuwekwa mikononi mwa mfanyakazi wa majaribio.

Jumatatu, 17 Februari

Hakuna anayeuliza habari za Rais. Wiki mbili nzima Bibi aliniandama: fulani kazaa, fulani kaoa, yule wa katikati kapata kazi? Leo tulikula mchuzi na kusikilizana tunavyotafuna.

Baba amepiga pasi kanzu yake mwenyewe. Ameuunguza mkono wa kulia wa kanzu. Ameukunja kidogo ili alama isionekane, akaenda hivyo msikitini. Nilimtazama anavyovuka barabara.

Mama angemwona asingemruhusu kutoka.

Nimesoma rasimu zote mbili, moja kushoto, moja kulia. Ya kwanza niliiandika ili kumfurahisha Daktari Thuraya. Ya pili ili kumwadhibu Baba. Katika zote mbili Rais hayumo. Nina shahada ya historia. Aibu.

Nimeanza ya tatu. Yaliyotokea, basi. Harusi ilifungwa kwa siri. Kati ya watoto wote ni mwana mmoja tu aliyejulishwa. Wengine walisikia baadaye. Mabinti walikasirika. Walio wengi walilainika, polepole, mmoja kwa mmoja. Mmoja hakulainika.

Imekuwa fupi kwa nusu. Sitamwambia Nafula.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefika nyumbani. Niandike.

Ukumbi ulijaa. Nafula alilazimika kuongeza viti kutoka chumba cha mikutano. Nilitazamia wasomi, wamekuja mashangazi. Nusu ya wanawake wa ukoo wetu, wamejifukiza ubani, wamevaa kama wanaokwenda kula biriani. Baadaye nilielewa: habari zimeenea kwamba Salma atamjibu baba yake hadharani. Harith alikaa mstari wa mbele na daftari. Ami Khalfan amerudi kutoka kutafuta vipuri, amekaa karibu na mlango wa kutokea.

Baba alikaa mstari wa nne, kando. Bibi mstari wa kwanza, na pembeni yake mwanamke mrefu, mtandio wa rangi ya majani, mkoba mkubwa wa mtu anayebeba madaftari ya wanafunzi. Nilijua. Bibi hakuniomba ruhusa. Alimleta, basi.

Nilizungumza. Kwenye ukurasa wa shamba na watu wake mzee mmoja alivua kofia, akaivaa tena. Kwenye idadi ya watoto walicheka. Nilipotaja jukwaa na mabibi kwa mavazi meupe, Bi Zuwena alicheka kuliko wote, kicheko kifupi, akajiziba mdomo. Kwenye harusi ya siri mashangazi waliguna kwa pamoja, mguno mmoja mrefu, mpaka kipaza sauti kikaunasa.

Kisha maswali. Swali la kwanza lilihusu urefu wa rais. La pili alisimama Baba.

Baba hapendi kusimama mbele za watu. Alipostaafu, wizarani walimwandalia hafla, akajificha jikoni kwa wapika chai. Alisimama, akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Mkono wa kanzu ulikuwa umekunjwa.

"Nna suali, Ustadhati," alisema, kama anayemwita mwalimu wake. "Yule binti aliyekataa. Baba yake alimuuliza kabla?"

"Hakumuuliza," nilisema. "Alioa kwanza. Yeye alisikia baadaye."

"Basi alikosea."

Hakuna aliyeguna. Baba hakukaa. Aliendelea kunitazama mimi, si ukumbi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kapu kutazamana.

"Na lau angemuuliza," alisema, "yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Angejibiwa nini?"

Jibu sahihi la kitaaluma ni kwamba vyanzo havisemi. Nilikuwa nalo ulimini. Daktari Thuraya alikuwa amekaa kulia kwangu, kalamu mkononi. Harith alikuwa ameinua kichwa. Nikaona kitambaa kilichounguzwa na pasi, na yule mwanamke aliyekwisha kuacha kucheka na kuutazama mkoba wake.

Nikasema vyanzo havisemi. Nikasema kwamba, hata hivyo, kwa maoni yangu binafsi, angekubali. Kwa sharti.

"Sharti gani?" Bibi aliuliza kutoka mstari wa kwanza, bila kipaza sauti na bila kukihitaji.

"Kwamba siku nyingine wakiwa na neno, wamwambie wenyewe. Wasimpelekee mtu wa kuja kumalizia tende."

Ukumbi uliangua kicheko. Shangazi mmoja alipiga kigelegele, wa pili akakipokea, na wageni wasiotufahamu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo desturi ya kufunga mhadhara. Ami Khalfan aliinama kukagua kamba za viatu vyake. Alikuwa amevaa ndala.

Baba alikaa. Alivua miwani.

Jumapili, 23 Februari

Daktari Thuraya aliniita asubuhi. Alisema ni mhadhara bora kabisa tangu mfululizo uanze, mpaka dakika za mwisho. Jibu langu la pili halikuwa na chanzo hata kimoja. Alinikumbusha kwamba mwanahistoria hawezi kumjibia marehemu. Nilisema naelewa. Alisema hata hivyo, mama yake mzazi alikuwepo ukumbini na tangu Alhamisi hazungumzi jingine.

Nafasi ya kudumu amepewa Harith. Mfalme wake alikuwa na tanbihi kila mahali.

Niliumia. Nilisema hongera, na nikaikusudia, kwa kiasi.

Mimi nimeongezewa muda wa majaribio, na mada mpya, safari hii bila kura, kwa maombi ya hadhira: rais mwingine wa Marekani wa karne ile ile. Huyu hakuoa kabisa. Alilea mpwa wake, yatima, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Ikulu.

Nilipomweleza Bibi aliacha kula. "Hakuoa," alisema. "Na urais wote ule. Kwani hakuwa na shangazi?"

Nafula amemaliza haluwa. Kapu amelirudisha limeoshwa.

Ijumaa, 28 Februari

Akidi ilifungwa jana Qurayyat, baada ya Alasiri, kwa watu wachache. Asya alivaa ile nguo. Mimi nilivaa hariri rangi ya zabibu. Fundi aliishona kwa haraka, bega la kushoto linavuta.

Baba alikuja kwangu Jumatatu, chumbani, akabisha hodi. Aliniambia mwenyewe, sentensi nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama vile sijui lolote. Masikio yalimwiva. Nikamwambia sawa, Baba.

Bi Zuwena amefika leo na masanduku mawili na sanduku la vitabu vya hesabu. Aliniuliza kikombe cha Mama ni kipi. Nikamwonyesha, kile cha mstari wa buluu. Alikishika kwa mikono miwili, akakirudisha palepale rafuni. Kisha akauliza chumvi inakaa wapi.

Wanasema mwezi huenda ukaandama leo. Bibi yuko uani, amevaa miwani isiyo yake, anautafuta upande usio wa magharibi. Hakuna aliyemwambia.

Udi umeshushwa kabatini. Baba ameuweka magotini, anafunga nyuzi. Mbili zimekatika; ya tatu imeteleza. Anapiga mwanzo wa kitu, anasimama, anarudi mwanzo. Bi Zuwena, kutoka jikoni, amemwambia apunguze sauti.

Amepunguza kidogo.